Solo, solo, solo: na nani atashika akompanyema?

Leo siandiki juu ya barabara wala juu ya bei ya unga. Leo naandika juu ya gitare. Najua kuna watakaokasirika, nitawajibu huku mbele.

Siku ya posho iliyopita nilipita kwenye repetisyo ya korali moja hapa Beni, upande wa Boikene. Nilikuta vijana watano na vyombo vyao. Watatu kati yao ni wahami wa vita, walitoka upande wa Mbau na Eringeti, wanaishi katika jamaa zilizowapokea. Nikauliza kila mmoja anapiga nini. Wa kwanza: solo. Wa pili: solo. Wa tatu: solo. Wa nne akacheka kwanza, kisha akasema: mimi pia solo. Wa tano alikuwa na bese. Kiongozi akahesabu, wimbo ukaanza, na kabla dakika moja haijaisha wote wanne walikuwa kule mwisho wa shingo la gitare, karibu na tundu, wakitafuta noti za mbio. Wamama wa korali walipoteza pa kuingilia. Wakasimama. Wakaanza tena, wakasimama tena. Mama mmoja akaweka kitabu chake cha nyimbo chini na kusema: watoto, sisi tunaimba na nani?

Swali la yule mama limenifuata juma zima.

Kijana mmoja kati ya wale wanne ana gitare tangu miaka miwili. Anajua Do, Fa, Sol na La minor. Alizijua mwezi wa pili wa kujifunza. Miezi mingine yote iliyofuata amekuwa pale pale, kama gari lililozama katika matope ya barabara ya Mangina, gurudumu linazunguka lakini gari haliendi. Yeye anafikiri hana kipaji. Baba yake mkubwa anafikiri ni uvivu. Mimi nasema wote wawili wanajidanganya. Huyu mtoto hajafundishwa. Alionyeshwa pa kuweka vidole, akaachwa.

Na hapa naanza ugomvi wangu.

Tumeona mashirika yanakuja na mradi wa vijana wahami. Gitare mpya zinashuka kwenye gari, kuna mafunzo ya siku tatu, kuna mwalimu aliyetoka mbali, kuna fanta na mikate, siku ya tatu kuna hati yenye muhuri na picha ya pamoja. Siku ya nne gari limekwenda. Baada ya miezi miwili kamba ya kwanza, ile Mi nyembamba, inakatika. Hakuna aliyeweka pesa za kamba katika mradi. Seti moja ya kamba kwa jamaa ya wahami ni chakula cha nyumba, hakuna mzazi atakayechagua kamba. Basi gitare inatundikwa ukutani, kisha inauzwa. Niliona moja inauzwa sokoni pamoja na sufuria kuukuu, ingali na karatasi ya shirika nyuma yake. Siku tatu zinatosha kumwonyesha mtu akori tatu. Mtu hawezi kujifunza muziki siku tatu, sawa vile mtu hawezi kujifunza ushonaji siku tatu. Kama pesa zipo kwa mwalimu wa siku tatu na hoteli yake, mumlipe mwalimu wa hapa hapa saa moja kila juma kwa mwaka mzima, na mubakize pesa za kamba.

Lakini mashirika ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni sisi wenyewe, tulioweka katika kichwa cha mtoto kwamba solo ndio gitare na akompanyema ni kazi ya anayeshindwa.

Nani alitufundisha huo uongo? Tuangalie wakubwa wetu. Wakati African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda Bruxelles mwaka 1960, wakati wa Meza ya Duara, Docteur Nico alikuwa na gitare ya solo, na pembeni yake alikuwa Dechaud, ndugu yake wa tumbo moja, akimshikia chini. Kila mtu anamtaja Nico. Lakini toa Dechaud katika nyimbo zile uone Nico atasimama juu ya nini. Simaro Lutumba alipiga akompanyema katika OK Jazz miaka na miaka, na ndiye aliyekuwa mtungaji mkubwa, na ndiye Franco alimwachia kuongoza orkestra wakati yeye hayupo. Je, huyo alishindwa? Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukapiga makofi, tukapiga na honi za pikipiki. Urithi huo unasimama juu ya ile gitare ambayo vijana wetu hawataki kushika.

Na sisi wa Kiswahili tuna sababu zaidi ya kujua. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa na gitare moja tu na vidole viwili: dole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika bese, shahada lilipiga wimbo juu yake. Akompanyema na solo ndani ya mkono mmoja. Aliimba Kiswahili chetu, na watu wa ng'ambo hata leo wanakaa chini kujaribu kumwigiza, wanatoka jasho.

Sasa nitasema namna ya kutoka katika matope, juu kulalamika bila kuonyesha njia ni kazi ya wanasiasa. Mimi si mwalimu wa konservatwari. Nimepiga akompanyema katika korali tangu sekondari, na haya nimeyajifunza kwa kukosea.

Kwanza mkono wa kulia. Mwanafunzi wetu anaamini gitare iko katika mkono wa kushoto, juu ndio tunaoangalia. Hapana. Mkono wa kulia ndio ngoma. Ujaribu hivi: weka vidole vya kushoto juu ya kamba bila kuzifinya, zisilie, na mkono wa kulia uende chini-juu, chini-juu, dakika tano bila kusimama, mguu ukihesabu. Utaona aibu. Wengi wanaojiita solisti hawafiki dakika ya pili bila kukimbia au kuchelewa. Kisha leta akori mbili tu, La minor na Do. Ukiangalia vizuri, vidole viwili havihitaji kutoka mahali pao, ni kimoja tu kinachohama. Hama, rudi, hama, rudi, na sheria ni moja: mkono wa kulia hauungoji wa kushoto. Kama akori haijafika, piga kamba wazi, piga hata makelele, lakini usisimame. Yule kijana wa miaka miwili ugonjwa wake ni huu. Kila akibadilisha akori muziki unakufa kidogo, halafu unafufuka. Wamama wataimba na kitu kinachokufa kila mara?

Polepole, tena. Telefone nyingi zina metronomu ya bure; asiye na telefone amweke mdogo wake apige makofi. Anza na mapigo 60 kwa dakika. Ukimaliza dakika mbili bila kosa panda 65, usipande 100. Kupiga polepole ni kugumu kuliko mbio. Mbio inaficha makosa.

Halafu pigo lenyewe la rumba. Hesabu moja hadi kumi na sita, polepole, na piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Rudia. Hiyo ndiyo klave, mifupa ya rumba. Mwili wako tayari unaijua, uliisikia mgongoni mwa mama. Sasa mkono ujue. Ukiweza kupiga klave kwa mguu au kwa kinywa wakati gitare inakwenda, wewe si mwanafunzi wa kwanza tena, hata kama unajua akori tatu tu.

Tufike kwenye Fa. Akori ya Fa imeua wapiga gitare wengi katika mkoa huu. Wanaambiwa walaze kidole kimoja juu ya kamba zote sita, kidole kinauma, sauti inatoka kama kuku mwenye kukohoa, wanaacha. Nani aliwaambia kwamba lazima kamba sita? Wapigaji wetu wa rumba mara nyingi wanafanya kazi na kamba tatu za chini zile nyembamba: Sol, Si na Mi. Kesi, ni kusema nafasi kati ya chuma na chuma, ndizo nitakazotaja, nikianza na kamba ya Sol, kisha Si, kisha Mi. Do ni 0-1-0. Fa ni 2-1-1. Sol ni 4-3-3. Vidole viwili vitatu, hakuna maumivu. Piga Do, Fa, Sol, Fa, kamba moja moja, usizikwangue zote kwa pamoja, na rudia mpaka jirani akulalamikie. Umeingia katika sebene.

Kisha sehemu tamu. Do ile ile iko pahali pengine: 5-5-3. Fa ya karibu yake ni 5-6-5, Sol ni 7-8-7. Na Do ya tatu iko juu, 9-8-8. Ni Do ile ile, lakini sauti inapanda kila mara, sawa na nyumba moja yenye milango mitatu. Sasa rudi kwa wale wanne wa Boikene. Mmoja abaki kwenye mlango wa kwanza, hiyo ni akompanyema. Wa pili aende kwenye mlango wa kati na apige kamba katika mpango mwingine, hiyo ni mi-solo, ile gitare ya katikati ambayo bila yake sebene yetu inakauka. Wa tatu acheze huko juu. Wa nne apumzike, abadilishane na mwenzake kila wimbo. Kwa mpango huo wale wavulana hawatagongana tena, na mama atajua anaimba na nani.

Na solo? Siichukii solo, nisieleweke vibaya. Nasema solo inazaliwa ndani ya hizo akori. Chukua kamba ya Sol na kamba ya Mi nyembamba, uruke Si iliyo katikati, uzipige pamoja: 0 na 0, kisha 2 na 1, kisha 4 na 3, 5 na 5, 7 na 7, 9 na 8. Panda, shuka. Hapo utasikia mara moja sauti ya nyumbani, ile sauti ya gitare mbili zinazoongea katika mtu mmoja. Franco alijenga ufalme wake juu ya sauti ya namna hiyo, na vipande vifupi alivyovirudia mpaka watu wakasimama kucheza. Hakuwa mtu wa noti elfu. Vijana wetu wanaangalia vidio za telefone, wanakula mega za bei, wanajifunza mbio za rok za Wazungu, halafu wanazileta katika wimbo wa kuomba mvua. Vidio si mbaya, lakini ile lugha si ya wimbo huo.

Nawashauri kitu cha bure. Chagua kipande cha sekunde nne katika wimbo wa Nico au wa Diblo Dibala, yule wa Kisangani. Usiguse gitare. Uimbe kwa mdomo mpaka usikosee. Baadaye tu utafute kwenye kamba. Kitu usichoweza kuimba, vidole vyako havitakisema, vitapiga kelele tu. Na mwimbaji anavuta pumzi; solo yako pia ivute pumzi. Sema neno, nyamaza, liseme tena na ubadilishe noti moja. Anayepiga bila kunyamaza ni kama mlevi katika matanga.

Sasa kwa wale waliokasirika tangu mwanzo. Msikilizaji mmoja alinipigia simu nilipogusa habari hii hewani. Aliniambia: wewe kijana, watu wanauawa mashambani, wewe unatuletea gitare? Baba, nilikusikia, na sikulala vizuri usiku ule. Mimi ndiye ninayesoma majina hewani, siwezi kusahau. Lakini nikuulize na wewe. Katika matanga ya wale tunaowazika, nani anakesha na wamama mpaka asubuhi? Ni korali. Mtoto aliyekimbia Eringeti, asiye na shamba, asiye na ada ya masomo, siku yake inapita namna gani kutoka asubuhi mpaka jioni? Wewe na mimi tunajua nani wengine wanatafuta vijana wasio na kazi. Franco mwenyewe alikuwa mtoto wa mama muuza mikate pale Ngiri-Ngiri, Kinshasa, na gitare yake ya kwanza aliitengeneza mwenyewe. Hapa Oicha nimeona mtoto ametengeneza yake kwa bidoni ya mafuta na nyuzi za breki ya kinga. Inalia, nami nikaiazima kidogo. Nisingeweza kumwambia mtoto huyo kwamba tungoje amani kwanza.

Mwingine, mtumishi wa Mungu ninayemheshimu, alisema gitare ni upako, haifundishwi. Pasta wangu, upako naukubali. Lakini hata Daudi alikuwa na kinubi mkononi muda mrefu kule malishoni kabla ya kuitwa mbele ya mfalme. Kondoo ndio waliokula makosa yake ya kwanza. Mtoto akikosea siku ya Mungu mbele ya kanisa lote, haitoshi kumwombea. Apewe saa ya kujifunza siku ya pili.

Na jambo la pesa, nalisema wazi juu wengine wanalificha. Kwa nini vijana wanakimbia akompanyema? Si juu ya sifa peke yake. Katika arusi moja niliyopiga, orkestra ilimpa solisti dola 10 na mimi dola 5. Tulianza saa moja, tulimaliza saa moja. Yeye alinyamaza kila mara waimbaji wanapoimba, alikunywa, alipiga simu. Mimi sikutoa mkono kwenye kamba tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipouliza niliambiwa: wewe unarudia tu. Ndiyo, ninarudia, na ningeacha kurudia dakika moja mungeona arusi inageuka kuwa mkutano. Kijana mhami ambaye dola hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye sombe na mchele wa nyumbani, unataka achague kipi? Atachagua inayolipa mara mbili, hata kama hajui kuipiga. Wakubwa wa orkestra na viongozi wa korali, lipeni sawa. Juma moja tu jaribuni, muone nani atakubali kushika chini.

Kwa wazazi waliopokea watoto wa watu nyumbani mwao, neno fupi. Najua makelele yanachosha. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za siku ya posho, basi mumpe hizo 20, nyuma ya nyumba, kabla ya jua kushuka ili asichelewe nje. Kamba zikichakaa musizitupe: zile nene zichemsheni dakika kumi katika maji safi, zikaushwe vizuri, zitalia tena kwa muda. Ile nyembamba ikikatika, uzi wa kuvulia samaki unaweza kusaidia kwa muda, ingawa sauti yake ni ya kinyonge.

Nimalizie kwa viongozi wa makanisa, maana vyombo viko kwenu. Nimezunguka makanisa kadhaa ya mji huu. Karibu kila moja lina kabati, na ndani ya kabati kuna gitare moja au mbili, ampli, pengine sinteti iliyotumwa na ndugu wa ng'ambo. Kabati hilo linafunguliwa siku ya Mungu na siku ya repetisyo. Siku nyingine zote vyombo vinalala gizani, na hatua mia moja kutoka hapo kuna mtoto mwenye bidoni na nyuzi za breki. Mnaogopa wataharibu, naelewa. Basi mtu mzima mmoja akae nao, saa nane mpaka saa kumi, siku mbili kwa juma. Mimi najitoa kwa siku moja, siku ya nne, bila franka hata moja, na nitakuja na kamba za akiba. Katika kanisa langu nimeulizia, kabati lina funguo mbili. Naomba moja.